Ulaya ni Shilingi Ngapi? Siku Kumi za Berlin kwa Hesabu ya Kiwalani

Jirani yangu ni mama anayeuza vitenge Kariakoo, na kuna swali lake moja nimelikwepa kwa muda mrefu. Nyumba yake hapa Kiwalani iko upande wa Minazi Mirefu, karibu na ncha ya njia ya kurukia ndege. Ndege ya jioni ikipita, vikombe vinatetemeka kabatini na mazungumzo yanasimama mpaka ngurumo ipotee. "Miaka yote hii zinapita juu ya bati langu," aliniambia. "Na mimi nataka nijue zinakokwenda. Hebu nipigie hesabu, baba. Ulaya ni shilingi ngapi?"

Ulaya haina bei moja. London inataka viza yake peke yake, na ada ya mgeni wa kawaida ilipanda hadi paundi 127 Aprili 2025. Ukishailipa, makumbusho makubwa ya taifa unaingia bure. Paris unaingia kwa viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, lakini tangu 14 Januari 2026 jumba la Louvre linamtoza mgeni asiyetoka nchi za Ulaya euro 32, wakati mwenyeji wa nchi hizo anaendelea kulipa 22. Mama alipolisikia hilo alifyonya. Tukahamia Berlin. Chakula na usafiri wa huko vinahimilika, na tena katika miji mikuu ya Ulaya hakuna uliochukua vitu vingi vya kwetu kama ule. Mtu akienda kutembea, akaangalie na vya kwao.

Katika hesabu yote hii nimeweka euro moja kwa shilingi 3,000. Benki itakuwa na bei yake siku utakayokwenda, ila namba ya mviringo haimchanganyi mtu anayepiga hesabu nyuma ya karatasi ya risiti.

Kwanza nilimtoa hofu ya ukubwa. Mtaani kwetu mtu anayesema anakwenda Ulaya huagwa kama anayeingia baharini, atapotea tu. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,393. Berlin ina watu karibu milioni 3.7 katika kilomita za mraba 891. Na hiyo Berlin, kwa kuhesabu walio ndani ya mipaka ya jiji, ndiyo yenye watu wengi kuliko majiji yote ya Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo anayetoka Kiwalani anatoka mji mkubwa kwenda mji mdogo. Jirani yangu alinitazama kama ninamtania, akaniomba nirudie zile namba.

Wametuzidi kwenye reli. Treni zao za chini ya ardhi zilianza 1902 na leo zina vituo 175, mbali na zile za juu. Moja ya hizo za juu inazunguka katikati ya jiji kwa duara la kilomita 37, na mzunguko mzima unachukua kama saa moja. Saa moja hiyo hiyo, jioni ya mvua, daladala ya kutoka Kariakoo inaweza kuimalizia Buguruni. Sisi mwendokasi wetu wa kwanza ulianza 2016. Ila tusijinyong'onyeze sana: jengo la tatu la abiria la uwanja wa ndege hapa kwetu, lenye uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka, lilifunguliwa 1 Agosti 2019, wakati uwanja mpya wa Berlin, uliotangaziwa kufunguliwa Juni 2012, ulifunguliwa 31 Oktoba 2020. Wajerumani nao wana mradi wa kuwaumbua.

Karatasi

Sasa fedha. Nilimwambia jirani yangu tuanze na zile zinazotoka mfukoni kabla hajavuka geti la nyumba yake, kwa kuwa ndizo nyingi, na ndizo watu husahau.

Pasi ya kusafiria ni shilingi 150,000, na inadumu miaka kumi. Hiyo hata safari ikivunjika inabaki kabatini. Viza ya Schengen ilikuwa euro 80, na tangu 11 Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, yaani 270,000. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 analipa nusu, aliye chini ya hapo halipi. Maombi yakipitia kituo cha wakala badala ya dirisha la ubalozi, kuna ada ya huduma, na sheria yao inasema kwa kawaida isizidi nusu ya ada ya viza. Kwa tahadhari niliiweka yote, euro 45, sawa na 135,000. Bima ya safari ni lazima. Iwe inalipia matibabu na kurudishwa nyumbani kwa kiwango kisichopungua euro 30,000, na ifanye kazi katika nchi zote za Schengen. Hapo niliweka 105,000. Picha, nakala, tafsiri na nauli za kwenda na kurudi mjini nikaweka 60,000.

Jumla ya karatasi, ukiondoa pasi, ni 570,000. Ombi likikataliwa, ada ya viza hairudi, ya huduma hairudi, na zile nauli na nakala zimeshaliwa. Hapo 465,000 zimekwenda. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, tangu Julai 2025, ni 500,000 kwa mwezi. Mtu anaweza kutoa karibu mshahara mzima wa mwezi akarudi na karatasi moja yenye alama ya vema kwenye kisanduku cha sababu. Kukataliwa si jambo la nadra. Mwaka 2024 nchi za Schengen zilipokea duniani kote maombi zaidi ya milioni 11.7 ya viza za muda mfupi, na zikakataa asilimia 14.8, kama mtu mmoja katika kila saba. Zamani ukikataliwa na Wajerumani uliweza kuandika barua ukaomba ubalozi uutazame upya uamuzi wake. Utaratibu huo wameufuta dunia nzima tangu 1 Julai 2025. Sasa utaomba upya, na kulipa upya, au utafungua kesi mahakama ya utawala ya Berlin, huko huko unakokataliwa kwenda.

Kwa hiyo swali linalomhusu mtu wa Kiwalani ni lile la afisa: una kiasi gani, na kimetoka wapi? Kipimo cha Ujerumani ni euro 45 kwa siku. Siku kumi ni euro 450, yaani 1,350,000. Ufaransa ni kali zaidi, euro 65 kwa siku ukiwa na hoteli uliyokwisha kuiwekea nafasi, na 120 ukiwa huna. Fedha hii haulipi mtu. Unaionyesha tu.

Na kuionyesha ndiko kugumu. Jirani yangu si maskini. Kwa siku nzuri anauza vitenge vya laki tatu. Lakini pesa yake haikai benki. Asubuhi iko kwenye simu, mchana inalipa mzigo, jioni iko kwenye mkoba, na usiku nyingine imeingia kwenye mchezo. Mchezo wao una watu ishirini, kila mmoja elfu hamsini, na zamu ikikufikia kijumbe anakuletea milioni moja kwa mkupuo. Kwetu hiyo ni nidhamu ya hali ya juu, mtu asiye mwaminifu hakai kwenye mchezo wa watu ishirini. Lakini ichukulie ilivyo mezani kwa afisa anayesoma taarifa ya benki ya miezi mitatu: akaunti imelala, imelala, imelala, halafu siku nne kabla ya maombi milioni moja inaingia. Afisa haoni mchezo wala uaminifu wa mtu yeyote. Anachokiona ni pesa ya kuazima, iliyokuja kupiga picha na kuondoka.

Nilimshauri afanye jambo linalochosha. Apitishe mauzo yake benki kidogo kidogo, kila siku ya kazi, kwa miezi sita kabla ya kuomba. Taarifa iwe na sura ya biashara, inaingia na inatoka, na salio linapanda taratibu. Na mchezo ukimfikia, aandike kwenye daftari na amwombe kijumbe saini. Sidhani saini ya kijumbe itambadilisha afisa mawazo, ila haigharimu kitu.

Jambo la pili ni sababu ya kurudi. Afisa anataka kushawishika kwamba siku ya kumi na moja utakuwa Kariakoo. Leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, mkataba wa pango la fremu, vyeti vya watoto walio shuleni, vyote ni ushahidi. Nyumba nayo ingefaa, ila nyumba nyingi za kwetu zilijengwa kabla ya vipimo, na karatasi yake ni hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Iweke hata hivyo, na tafsiri yake. Mwenye ndugu Ujerumani aliye na kipato anaweza kumwomba asaini tamko rasmi la kumgharamia mgeni wake. Linatolewa na mamlaka ya wageni ya huko kwa euro 29, na mtoaji anabanwa nalo kisheria, si ile barua ya "naomba aje anitembelee". Jirani yangu hana ndugu Berlin. Ana mtoto wa dada yake anayesoma huko, mwenye chumba kimoja cha wanafunzi na mkopo. Tulimwacha apumzike.

Kuhusu muda, ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipungue siku 15. Jibu kwa kawaida ni siku 15, linaweza kuvutwa hadi 45. Na tiketi ya ndege usiilipe kabla ya viza. Wanachotaka kuona ni nafasi uliyoshikiwa.

Angani

Kutoka Dar hadi Berlin, kwa mstari ulionyooka, ni takribani kilomita 7,000, na hakuna ndege inayokwenda moja kwa moja. Utabadilisha Istanbul, Doha, Amsterdam au Addis Ababa na Frankfurt, kulingana na shirika. Bei ya tiketi haina adabu. Kwa bajeti niliweka euro 900 kwenda na kurudi, yaani 2,700,000, nikamwambia akiona pungufu ashukuru. Likizo ya kiangazi na Desemba bei hupaa, kwa hiyo Mei au Septemba inafaa mfuko, na hata mwili, maana Januari ya Berlin wastani wake ni kama nyuzi 1 juu ya kiwango cha barafu.

Koti asinunue huko. Anunue Karume, kwenye mitumba, ambako makoti mazito yananing'inia bila mteja kwa kuwa nani atavaa koti la sufu Ilala? Huenda koti lenyewe limetoka huko huko Ujerumani ndani ya beli. Litakuwa linakwenda kusalimia.

Tujumlishe. Pasi 150,000, karatasi 570,000, ndege 2,700,000. Hiyo ni 3,420,000, na mama bado yuko Kiwalani.

Chini

Siku kumi ni usiku tisa. Kitanda kwenye hosteli, chumba cha wanawake, nilikiweka euro 35 kwa usiku pamoja na kodi ya jiji, ambayo tangu Januari 2025 ni asilimia 7.5 ya bei ya malazi. Jumla 945,000. Atakayetaka chumba cha peke yake azidishe mara mbili au tatu.

Usafiri ulituchukua jioni nzima, kwa sababu hapo pesa inaweza kuokolewa au kutupwa. Nauli ya safari moja katika kanda mbili za ndani ya Berlin ni euro 4 tangu Januari 2026, yaani shilingi 12,000. Mama alishika kichwa. Daladala yetu ya hadi kilomita 10 ni 600 tangu Desemba 2023. Mara ishirini! Lakini ngoja. Kima cha chini cha Ujerumani mwaka huu ni euro 13.90 kwa saa, kwa hiyo mfanyakazi wa kima hicho Berlin anaipata nauli yake kwa dakika kama 17 za kazi. Mtumishi wetu wa kima cha chini, laki tano kwa saa 176 za mwezi, anapata kama 2,840 kwa saa, na nauli ya daladala anaifanyia kazi dakika 13. Nne tu za tofauti. Kwa mwenyeji wa kila mji, basi la mji wake lina bei inayokaribiana. Linalomuumiza mgeni ni kwamba anapanda basi la dakika 17 kwa pesa iliyochumwa kwa saa za Kariakoo.

Sasa weka kitu kisichojali umechuma wapi. Tiketi ya ndege ya euro 900: mfanyakazi yule wa Berlin saa 65, mtumishi wetu saa 950. Ada ya viza: yule wa Berlin angeipata kwa saa sita na nusu, wetu kwa saa 95, siku kumi na mbili za kazi. Na yule wa Berlin akija huku halipi euro 90. Analipa dola 50, hata akitaka analipia akishatua, pale pale kwenye jengo la tatu, kilomita chache kutoka kibarazani kwetu. Akivuka kwenda Zanzibar ataongeza dola 44 za bima ya lazima iliyoanza Oktoba 2024. Nilipofika hapa mama aliniambia nisimtie uchungu, nirudi kwenye basi.

Basi, basi. Kuna tiketi ya mwezi inayoitwa Deutschlandticket. Ilianza kwa euro 49 mwaka 2023, ikawa 58 mwaka 2025, na tangu Januari 2026 ni 63. Unapanda nayo treni zote za mjini na mikoani, mabasi na tramu, Ujerumani nzima, pamoja na treni ya kutoka uwanja wa ndege, isipokuwa treni za mwendo kasi za masafa marefu. Tiketi ya saa 24 ya Berlin inazidi euro 10, kwa hiyo ukikaa zaidi ya siku sita ile ya mwezi imeshakurudishia pesa. Mtego wake ni kwamba inahesabu mwezi wa kalenda na inajirudia yenyewe. Ukitua tarehe 25 ukaondoka tarehe 4 umelipa miezi miwili, euro 126. Ukisahau kuisitisha kabla ya tarehe 10, mwezi unaofuata inakata tena, nawe uko Kariakoo unapima vitenge. Panga safari iingie ndani ya mwezi mmoja, inunue kabla mwezi haujaanza, isitishe siku za mwanzo. Shilingi 189,000.

Vituo vya Berlin havina geti wala konda. Unashuka ngazi, treni inakuja, unapanda. Mtu aliyezoea kusukumana na konda anaweza kudhani ni bure. Siyo. Wakaguzi wanapanda wakiwa wamevaa nguo za kawaida, wanangoja mlango ufungwe, na asiye na tiketi, au mwenye tiketi ya karatasi ambayo hakuigonga muhuri kwenye kile kimashine cha kituoni, analipa euro 60. Mia na themanini elfu. Ugeni si utetezi.

Chakula niliweka euro 20 kwa siku, 600,000 kwa zote. Asubuhi na jioni duka la bei nafuu: mkate, mayai, ndizi, maziwa. Mchana mkate wa Kituruki wa nyama ya kuchoma, kazi ya wahamiaji waliokuja Berlin na leo ndicho chakula cha kila mtu. Soseji ya mchuzi wa bizari wanayoisifu mara nyingi ni nguruwe, kwa hiyo Mwislamu aulize kwanza. Jumapili maduka yamefungwa, anunue Jumamosi. Maji ya bomba yanyweke bila woga, chupa moja ijazwe kila asubuhi.

Na chupa yenyewe asiitupe. Kila chupa ya plastiki ya kutumika mara moja na kopo la soda vina rehani ya senti 25, unarudishiwa dukani kwenye mashine. Senti 25 ni shilingi 750. Chupa moja tupu ya Berlin inalipa nauli ya daladala hadi Kariakoo na chenji ya 150 inabaki. Kwetu waokota chupa wanapita na viroba alfajiri, wanauza kwa kilo. Jirani yangu aliuliza kama begi la kurudia linaweza kujazwa chupa, nikamkumbusha kwamba mashine iko kule.

Viingilio niliweka euro 40, laini ya simu na dharura ndogo euro 20. Jumla ya Berlin yote: 1,914,000.

Vya kwetu

Euro 40 za viingilio zinatosha kwa sababu vingi ni bure. Kuba la kioo juu ya bunge ni bure, ila unajiandikisha mapema. Lango la Brandenburg liko barabarani. Kipande kirefu cha ukuta uliowatenga tangu 1961 hadi 1989, zaidi ya kilomita moja, kiko wazi kando ya mto.

Lakini mtu wa huku ana ramani yake. Aanze makumbusho ya viumbe asilia, aweke kama euro 12. Ukumbini amesimama mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, urefu wa mita 13.27 kwenda juu, mifupa iliyoungwa mirefu kuliko yote duniani ya aina yake. Wajerumani walichimba pale 1909 hadi 1913, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye mwaka 2007 mwanasayansi alimpa mjusi mwingine wa hapo jina lake. Mifupa zaidi ya tani 200 ilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Jirani yangu ataruhusiwa begi la kilo 23.

Kisha apande treni ya chini hadi Neukölln. Kuna mtaa uliokuwa na jina la Wissmann, gavana na kamanda aliyewapiga watu wa pwani yetu. Tangu Aprili 2021 unaitwa Lucy Lameck, mbunge na naibu waziri wetu wa enzi za Nyerere. Upande wa Wedding kuna mitaa ya Zanzibar, Tanga na Usambara, na kipande cha barabara iliyomkumbuka mkoloni Carl Peters kilibadilishwa 23 Agosti 2024 kikawa Maji-Maji-Allee. Kupiga picha chini ya kibao ni bure.

Na afike Brunnenstraße namba 193. Kwenye njia ya waendao kwa miguu kuna kibamba kidogo cha shaba cha Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904. Alikuwa mtoto askari wa Wajerumani vita ya kwanza, na alipofika Berlin 1929 alikwenda kudai mishahara yake na ya baba yake ambayo haikulipwa. Wakamwambia amechelewa. Akabaki, akahudumu mezani kwenye jumba la starehe, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu. Mwaka 1941 alifungwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na humo akafa 24 Novemba 1944. Kambi hiyo sasa ni mahali pa kumbukumbu, treni ya mjini inafika karibu, kiingilio hakuna. Kabla yake, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika 1900 kufundisha Kiswahili. Alifia huko huko, 1927.

Mama alikaa kimya kidogo, kisha akauliza saa. Nikakumbuka jambo la saa. Mwezi Juni jua la Berlin linazama saa tatu na nusu usiku. Magharibi inaswaliwa wakati sisi huku tumeshalala. Desemba ni kinyume, saa kumi jioni giza limeingia. Atakayekwenda Mei ana mwanga wa kutosha kuzunguka hadi miguu igome.

Jumla, basi: 3,420,000 kabla ya kutua, 1,914,000 baada ya kutua. Milioni 5 na 334,000. Katika kila shilingi mia, 64 zimetumika kabla hajaiona Berlin. Nikamwomba aongeze asilimia kumi ya dharura, kwa sababu ndege huchelewa na meno huuma ugenini. Kwa kima cha chini, kabla ya dharura, hiyo ni karibu miezi kumi na moja bila kula. Kwa mwenye biashara, akiweka elfu kumi kila siku ya kazi, siku 26 kwa mwezi, ni miezi ishirini na nusu bila ile dharura.

"Siku mia tano na kitu," alisema. Alikuwa ameshazipiga kichwani kabla yangu. Ndege ikapita, tukangoja. Ilipopotea upande wa Buguruni aliingia ndani, akatoka na mtandio na noti mbili za elfu kumi, moja ya leo na moja, alisema, ya jana. Wakala wa benki wa mtaa wetu anafunga saa mbili usiku.